SHULE IKIFUNGULIWA, TUHESABU WATOTO KAMA TUNAVYOHESABU NG'OMBE

Na Bwana Shamba, Masakta

Ndugu msomaji, ng'ombe wakirudi jioni unafanya nini? Unasimama mlangoni pa zizi. Unawahesabu. Unamjua kila mmoja kwa rangi yake na kwa pembe zake. Husemi, "Ng'ombe wengi wamerudi," halafu ukaenda kulala. Akikosekana mmoja, unachukua tochi na fimbo. Unaita vijana. Mnamtafuta bondeni mpaka apatikane.

Sasa nakuuliza swali. Shule ya kijiji chenu ikifungwa kwa muda mrefu, kisha ikafunguliwa, nani anasimama mlangoni na kuhesabu? Mtoto mmoja asiporudi, nani anachukua tochi?

Makala hii ni juu ya kazi hiyo. Ni kazi ya serikali ya kijiji, ya kata na ya wilaya. Ni kazi yako pia.

SIKU ZAIDI YA 100

Wote tunakumbuka mwaka 2020. Tarehe 16 Machi mwaka huo, mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa. Alikuwa Arusha, mkoa jirani na Manyara. Kesho yake, tarehe 17 Machi, Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kwamba shule zote za awali, za msingi na za sekondari zifungwe. Mwanzoni zilifungwa kwa siku 30. Siku hizo zilipokwisha, ugonjwa ulikuwa bado upo. Shule zikaendelea kufungwa.

Vyuo na wanafunzi wa kidato cha 6 walirudi tarehe 1 Juni. Shule nyingine zote zilifunguliwa Jumatatu, tarehe 29 Juni 2020. Ukihesabu tangu siku ya kutangazwa, watoto walikaa nyumbani siku zaidi ya 100.

Katika siku hizo masomo yalitolewa redioni na kwenye televisheni. Jambo hilo lilikuwa jema. Lakini huku kwetu si kila kaya ina redio. Yenye redio huenda haina betri. Na mtoto aliye malishoni hawezi kusikia redio iliyo nyumbani.

Shule zilipofunguliwa, serikali iliongeza saa za masomo ili kufidia siku zilizopotea. Mtihani wa darasa la 7, ambao kwa kawaida hufanyika Septemba, ulisogezwa mbele. Ulifanyika tarehe 7 na 8 Oktoba 2020.

Hayo ndiyo yaliyofanywa na serikali kuu. Ilitangaza tarehe. Ilifungua mlango. Lakini tarehe haiwezi kumshika mtoto mkono na kumleta darasani. Waziri aliye Dodoma hawezi kujua kwamba mtoto wa nyumba ya tatu, ng'ambo ya korongo, hajarudi shuleni. Mwenyekiti wa kitongoji anajua. Jirani anajua.

BIBI ALINIULIZA SWALI

Mimi ni bwana shamba. Kazi yangu ni mahindi, maharage na mbaazi. Zamani nilidhani mambo ya shule ni ya walimu peke yao. Nitaeleza jinsi nilivyobadili mawazo.

Ilikuwa Julai 2020, wiki ya pili baada ya shule kufunguliwa. Nilikuwa katika kijiji kimoja cha huku kwetu. Niliwaita wakulima kujifunza jinsi ya kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi.

Watoto saba walikuwapo. Walibeba magunia. Walipukuchua mahindi. Binti mmoja alikuwa na mikono myepesi kuliko wote. Nilimsifu mbele ya watu. Nikasema, "Mtazameni huyu. Huyu ni mkulima wa kesho."

Bibi mmoja alikuwa amekaa kwenye kivuli. Akaniita.

"Bwana shamba, mwanangu, leo ni siku gani?"

"Ni Jumanne, bibi."

"Shule si zimefunguliwa?"

"Ndiyo, bibi, zimefunguliwa."

"Basi hawa wamefungwa na nani?"

Watu walicheka. Halafu wakanyamaza. Mimi nilitazama chini. Mtumishi wa serikali nilikuwa nimesimama mbele ya watoto saba, siku ya masomo, saa ya masomo. Sikuuliza hata neno moja. Badala yake niliwasifu kwa kazi.

Mchana ule nilikwenda kwa mtendaji wa kijiji. Tukaenda pamoja kwa mwalimu mkuu. Tukamwuliza, "Watoto wamerudi?" Akajibu, "Wengi wamerudi." Hakusema uongo. Madarasa yalikuwa yamejaa. Lakini tulipomwomba afungue daftari la mahudhurio na kutusomea majina ya wasiorudi, ilibidi akae chini. Alianza kusoma. Alisoma kwa muda mrefu.

KWA NINI WATOTO HAWARUDI?

Alhamisi iliyofuata wenyeviti wa vitongoji walikutana na walimu chini ya mti wa shule. Mwalimu alisoma jina moja moja. Mwenyekiti wa kitongoji alisema anachojua. Sababu zilikuwa hizi:

Mavuno. Shule zilifunguliwa mahindi yakiwa shambani. Wazazi walisema, "Tumalize kuvuna kwanza." Baada ya kuvuna kuna kupukuchua. Baada ya kupukuchua kuna kubeba.

Malisho. Mvua za masika zikiisha, majani hupungua. Mifugo hupelekwa mbali. Wavulana walikuwa wamehama nayo.

Kazi za mjini. Wasichana wengine walikuwa wamepelekwa mjini kufanya kazi za nyumbani kwa watu.

Sare. Mtoto hukua hata shule ikifungwa. Shati la Machi lilikuwa limembana. Mzazi hakuwa na fedha ya kununua jingine.

Hofu. Wazazi wengine waliogopa kwamba mtoto ataleta ugonjwa nyumbani.

Aibu. Hii sikuitegemea. Watoto wa madarasa ya chini walikuwa wamesahau kusoma. Wengi wa watoto wetu husema Kiiraqw au Kidatoga nyumbani. Kiswahili chao ni cha shuleni. Miezi mitatu bila shule, Kiswahili kinapungua na kusoma kunapungua pamoja nacho. Mtoto wa darasa la 2 anaogopa kuchekwa. Anatoka nyumbani asubuhi, anajificha vichakani, anarudi mchana.

Ndoa na mimba. Jina la msichana likisomwa, mtu mmoja anasema, "Huyo yuko kwa shangazi yake." Wengine wanatazama pembeni. Hapo kila mtu anaelewa.

Ndugu msomaji, ona jambo moja. Sababu ni nyingi, na dawa zake ni nyingi. Aliyekosa sare anahitaji sare. Mwenye aibu anahitaji mwalimu mpole. Aliyeozwa anahitaji sheria. Ukisema tu, "Watoto kadhaa hawajarudi," hujui dawa ya kutoa. Hata mimi, nikiambiwa kwamba mahindi ya kijiji ni mabaya, siwezi kusaidia. Lazima niingie shambani. Lazima nifungue jani, nione kama ni viwavijeshi au ni ukosefu wa mbolea. Ndivyo ilivyo kwa watoto. Namba inaonyesha ukubwa wa tatizo. Jina ndilo linaloonyesha dawa.

NANI ASIMAMIE NINI?

Shule za serikali za msingi na sekondari ziko chini ya serikali za mitaa. Maana yake ni kwamba usimamizi unaanzia karibu na nyumba yako. Unapanda ngazi kwa ngazi.

Kitongoji. Mwenyekiti wa kitongoji anaijua kila kaya. Yeye ndiye jicho la kwanza.

Halmashauri ya kijiji. Kwa sheria ya serikali za mitaa ya mwaka 1982, halmashauri hii ina wajumbe 15 hadi 25. Ina kamati ya huduma za jamii. Kamati hiyo hushughulikia elimu, afya na maji. Katibu wa halmashauri ya kijiji ni mtendaji wa kijiji.

Kamati ya shule. Wazazi wamo. Mwalimu mkuu ndiye katibu wake. Kamati hii inatakiwa kujua mahudhurio, fedha na majengo ya shule.

Kata. Hapa yupo afisa elimu wa kata na mtendaji wa kata. Ipo pia Kamati ya Maendeleo ya Kata. Mwenyekiti wake ni diwani. Kijiji kikishindwa, shauri huja hapa.

Wilaya. Hapa ipo halmashauri ya wilaya, pamoja na mkurugenzi na maafisa elimu wake. Wao hukusanya taarifa za kata zote na kuzipeleka juu.

Juu ya kijiji chote upo mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 au zaidi ni mjumbe. Wewe ni mjumbe. Mkutano huu unatakiwa kufanyika kila baada ya miezi mitatu. Ukiwa hapo, una haki ya kusimama na kuuliza, "Watoto wangapi hawajarudi shuleni? Tusomewe sababu zao."

Sheria nayo ipo. Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inasema kwamba mtoto aliyefikia umri wa kuanza shule lazima aandikishwe shule ya msingi. Akiandikishwa, lazima ahudhurie mpaka amalize. Mzazi anayemzuia ana kosa. Mwaka 2016 sheria hiyo iliongezwa nguvu. Mtu anayemwoa mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari, au anayempa mimba, anaweza kufungwa miaka 30. Anayesaidia ndoa hiyo naye ana kosa. Hata mzee anayekaa kwenye kikao cha mahari, akijua kwamba binti ni mwanafunzi, ajihadhari.

JINSI YA KUHESABU

Kuhesabu watoto si kazi ngumu. Lakini lazima ifanywe kwa mpango. Fuateni hatua hizi:

1. Siku shule inapofungwa, mwalimu mkuu aandike orodha ya majina ya kila darasa. Nakala moja ikae ofisi ya kijiji.

2. Shule ikifunguliwa, majina yaitwe kila asubuhi kwa wiki nzima.

3. Ijumaa ya wiki hiyo, majina ya wasiorudi yagawanywe kwa vitongoji.

4. Kila mwenyekiti wa kitongoji aende nyumba kwa nyumba, pamoja na mjumbe mmoja wa kamati ya shule. Wasiende kugombana. Waende kuuliza sababu.

5. Wiki ya pili wakutane na walimu. Kila jina liandikiwe sababu, dawa, na mtu wa kushughulikia.

6. Mashauri yaliyoshindikana yapelekwe kata kwa barua. Nakala ya barua itunzwe.

7. Mkutano mkuu wa kijiji usomewe matokeo. Majina ya watoto yasisomwe hadharani, maana si vizuri kuwaaibisha. Yasomwe mahesabu na kazi iliyofanyika.

Angalieni kosa moja linalofanyika mara nyingi. Tuchukue mfano. Darasa la 5 lilikuwa na watoto 52 siku ya kufunga. Shule imefunguliwa. Watoto 46 wamerudi. Lakini watoto wapya 4 wamehamia kutoka mahali pengine. Mwalimu anahesabu vichwa darasani, anapata 50. Anaandika, "Wamekosekana 2 tu." Je, ni kweli? Hapana. Watoto 6 wamepotea. Wale 4 wageni wamewafunika.

Mfugaji hafanyi kosa hilo. Ng'ombe wa jirani akiingia zizini, hamhesabu kuwa wake. Kwa hiyo tuhesabu kwa majina. Tusihesabu vichwa.

WALE SABA WA SHAMBANI

Huenda unauliza, "Je, wale watoto saba walirudi?" Ningeweza kuandika hapa kwamba wengi walirudi. Lakini nimekwisha sema kwamba neno hilo halitoshi.

Walirudi sita. Wawili walirudi wiki ileile, baada ya majirani kukubaliana kusaidiana kubeba mahindi. Mmoja alipewa shati la kaka yake, mama yake akalipunguza. Wengine watatu walirudi baada ya wazee kukaa na kupanga zamu ya malisho. Watu wazima wangechunga asubuhi. Watoto wangechunga baada ya masomo.

Wa saba alikuwa yule binti wa mikono myepesi. Alikuwa darasa la 6. Wajumbe walipofika nyumbani kwao, walikuta zizi limeongezeka ng'ombe. Waliambiwa binti amekwenda kwa shangazi, kata nyingine. Mtendaji aliandika barua kata. Watu walitumwa. Walifika, wakaambiwa hayupo. Ndugu wa pande zote mbili walinyamaza. Shauri likakwama.

Jambo linaloniumiza ni hili. Wiki ya kwanza alikuwa nyumbani kwao. Wiki ya pili alikuwa mbele yangu, anapukuchua mahindi, nami namsifu. Tungehesabu mapema, tungemkuta.

Wakati ule msichana aliyepata mimba hakuruhusiwa kurudi katika shule ya serikali. Mambo hayo yamebadilika. Mwezi Novemba 2021 serikali ilitoa Waraka wa Elimu Namba 2. Waraka huo unaruhusu wanafunzi walioacha shule, pamoja na walioacha kwa sababu ya mimba, kurudi na kuendelea na masomo. Kwa mtoto aliyekosa shule ya msingi akapita umri, upo pia mpango wa MEMKWA. Maana yake ni Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa.

Mwaka 2022 nilimwona binti yule mnadani. Alikuwa na mtoto mgongoni. Nilimwamkia mama aliyekuwa naye, nikawaeleza habari za waraka. Binti alisikiliza. Kisha akaniuliza, "Mtoto nitamwacha na nani?"

Sikuwa na jibu. Nadhani swali lile si la binti peke yake. Ni swali la kijiji.

MAJI NA SABUNI

Kurudi kwa watoto ni nusu ya kazi. Nusu nyingine ni kuwalinda wasiugue. Wakati wa korona kila shule iliagizwa kuwa na maji tiririka na sabuni. Agizo hilo lifae wakati wote. Maji na sabuni huzuia pia kuhara, kipindupindu na minyoo.

Shule isiyo na bomba inaweza kutengeneza kibuyu chirizi. Fanyeni hivi:

Chukueni dumu safi la lita 5. Toboeni tundu dogo ubavuni, karibu na mdomo, kwa msumari uliotiwa moto. Simikeni nguzo mbili. Pitisheni mti kati yake. Ning'inizeni dumu kwenye mti huo kwa mpini wake. Fungeni kamba shingoni mwa dumu. Upande wa chini, fungeni kamba hiyo kwenye kijiti kilicho karibu na ardhi. Mtoto akikanyaga kijiti, dumu linainama na maji yanatoka. Mkono haugusi dumu. Toboeni kipande cha sabuni, kitieni kamba, kining'inizeni kando. Chini wekeni kokoto ili pasiwe na tope.

Kibuyu kimoja hakitoshi shule nzima. Wekeni kila darasa, na vingine karibu na vyoo. Kamati ya huduma za jamii ikague kila wiki. Dumu tupu halioshi mikono. Mkaguzi asiulize tu, "Mnacho kibuyu?" Akanyage kijiti, aone kama maji yanatoka.

FEDHA YA SHULE

Wazazi hawalipi ada katika shule za msingi za serikali. Mwaka 2016 serikali ilianza kutuma ruzuku moja kwa moja kwenye akaunti za shule. Kiwango kilichowekwa kwa shule ya msingi kilikuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, pamoja na sehemu ya vitabu. Hesabu ya wanafunzi ikiwa si sahihi, hesabu ya fedha nayo haiwi sahihi. Kwa hiyo kamati ya shule itake mapato na matumizi yabandikwe ukutani. Wewe unayejua kusoma, simama uyasome. Kisha wasomee wasiojua.

MTOTO AMERUDI. JE, AMEKUMBUKA?

Mtoto anaweza kukaa kwenye dawati lakini akili yake imebaki nyuma. Shule ikifunguliwa baada ya muda mrefu, mwalimu asikimbilie masomo mapya. Apime kwanza kusoma, kuandika na kuhesabu. Kamati ya shule iulize, "Watoto wa darasa la 3 wangapi wanaweza kusoma?" Hili nalo ni hesabu.

Wewe msomaji mpya, unaweza kusaidia. Leo jioni mpe mwanao gazeti hili. Mwambie akusomee sehemu moja. Akikwama, msicheke. Someni pamoja. Wewe umejifunza ukubwani, unajua uchungu wa kukwama kwenye neno. Mtoto akimwona mzazi wake anakwama na kuendelea, aibu itamtoka.

MAJIRANI ZETU

Tatizo hili halikuwa letu peke yetu. Mwezi Aprili 2020 watoto na vijana zaidi ya bilioni 1.5 duniani walikuwa nje ya shule na vyuo.

Kenya ilifunga shule Machi 2020. Madarasa machache yalirudi Oktoba. Shule zote zilifunguliwa tarehe 4 Januari 2021. Serikali ya huko iliwatuma machifu na manaibu wao kuwatafuta watoto wasiorudi, nyumba kwa nyumba. Chifu ni mtu wa karibu na wananchi, kama mtendaji wetu.

Uganda ilikaa muda mrefu zaidi. Shule zilifungwa Machi 2020. Madarasa machache yalirudi, kisha shule zikafungwa tena Juni 2021. Zilifunguliwa zote tarehe 10 Januari 2022. Ilikuwa karibu miaka miwili. Mtoto aliyefunga shule ana miaka 13 alikuwa karibu na miaka 15. Fikiria mambo mangapi yanaweza kumpata kijana katika muda huo.

Sisi tulifunga kwa miezi mitatu na nusu tu, na bado tulipoteza watoto. Muda mfupi nao unatosha kumpoteza mtoto, kama hakuna anayehesabu.

SHULE ZITAFUNGWA TENA

Ugonjwa ule umepita. Lakini sababu za kufunga shule hazijaisha. Tarehe 3 Desemba 2023, tope na mawe yaliporomoka kutoka Mlima Hanang. Watu zaidi ya 80 walikufa katika wilaya yetu, Katesh na vijiji vya karibu. Nyumba zilifunikwa. Sare na madaftari ya watoto yalikwenda na tope. Familia nyingine zilihamia kwa ndugu. Januari 2024 shule zilipofunguliwa nchini, swali lilikuwa lilelile. Nani amerudi? Nani hajarudi? Yuko wapi?

Hata likizo ya kawaida ina wasiorudi. Kila Januari na kila Julai, kuna mlango wa kusimamia.

Ndugu wananchi, tusingoje ugonjwa mwingine. Orodha ya majina iandikwe sasa. Nakala ikae ofisi ya kijiji. Wenyeviti wa vitongoji wapewe zamu zao. Nami, bwana shamba, nimejiwekea sheria ndogo. Nikifika shambani siku ya masomo nikamkuta mtoto, neno langu la kwanza si mahindi. Namwuliza mzazi wake, "Huyu leo hakwenda shule kwa nini?" Wengine wanakasirika. Wengine wananijibu. Yule bibi wa kivulini, tukionana, hunisalimu huku akicheka. Huniuliza, "Bwana shamba, wametimia?"

Nawe waulize viongozi wako swali hilohilo.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Je, kijiji chenu kina orodha ya watoto wa shule kwa kila kitongoji? Inatunzwa na nani?

2. Katika kijiji chenu, ni sababu gani inayozuia watoto wengi zaidi kurudi shuleni? Dawa yake ni nini?

3. Mavuno na malisho hayawezi kungoja. Mtapangaje kazi hizo ili watoto wasikose shule?

4. Darasa lilikuwa na watoto 40. Wamerudi 33, na wageni 5 wamehamia. Watoto wangapi wamepotea? (Jibu: 7)

5. Binti aliye na mtoto mchanga anataka kurudi shuleni. Kijiji chenu kitamsaidiaje?